Kukuza Msamiati wa Kiingereza cha Kazini na cha Mazungumzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu mzima wa Unguja au Pemba ambaye Kiingereza alikisoma skuli, anakielewa kwa kiasi chake, na sasa kazi inamdai zaidi ya alichonacho: mpokea wageni wa hoteli ya Nungwi, mtembeza watalii wa mashamba ya viungo, muuguzi, karani, mwalimu, au mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kuandika ripoti. Anayeanza na herufi na salamu atafaidika zaidi akianzia pengine. Maswali mengi yametoka katika madarasa ya jioni ya watu wazima, na yamewekwa kwa mpangilio unaokaribiana na ule yanavyofuatana darasani.

Nilisoma kwa Kiingereza sekondari nzima na mitihani nikafaulu. Kwa nini maneno hunikimbia ninaposimama mbele ya mgeni?

Kila msemaji ana hazina mbili za maneno: anayoyatambua akiyasikia au akiyasoma, na anayoyatoa kinywani bila ya kuyatafuta. Hazina ya kwanza siku zote ni kubwa kuliko ya pili, hata kwa mzawa wa lugha. Skuli hujaza ile ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi husoma biolojia na jiografia kwa Kiingereza, hunakili ubaoni na kujibu kwa kalamu, lakini akitoka darasani huzungumza Kiswahili na wenzake, na hiyo ni haki yake. Ndiyo maana mtu anaweza kulieleza neno «photosynthesis» na bado akashindwa kumwambia mgeni kwamba chumba chake hakijawa tayari.

Anza basi na maneno unayoyajua na usiyoyasema. Wapokea wageni karibu wote wanalijua neno «available», lakini chumba kinapokosekana husema «There is no room», kauli ambayo kwa mtu aliyekesha safarini husikika kama anafukuzwa. Aliyelizoesha ulimi wake neno lile atasema: «I'm afraid your room won't be available until two, but you're welcome to use the pool in the meantime.» Hakuna neno geni katika sentensi hiyo kwa aliyemaliza kidato cha nne. Andika sentensi kama hizo kutokana na kazi yako mwenyewe, uziseme kwa sauti mpaka zitoke bila ya kusitasita, ndipo uendelee na maneno mapya.

Nahitaji kujua maneno mangapi?

Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kuelewa maneno 98 katika kila 100 ya gazeti au riwaya bila ya msaada anahitaji aila 8,000 hadi 9,000 za maneno, na kwa mazungumzo aila 6,000 hadi 7,000. Aila ni neno moja pamoja na yaliyozaliwa nalo: «decide», «decision», «decisive» na «undecided» huhesabiwa pamoja.

Takwimu hizo zisikuvunje moyo, kwa kuwa maneno hayatumiki kwa kiwango kimoja. Orodha ya maneno yanayotumika zaidi aliyoichapisha Michael West mwaka 1953, yenye maneno kiasi cha 2,000, hadi leo inachukua sehemu kubwa ya maandishi ya kawaida. Orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead, iliyotoka mwaka 2000, ina aila 570 tu, lakini aila hizo ni takriban neno moja katika kila 10 ya maandishi ya vyuoni. «Assess», «consistent», «derive» na «significant» zimo humo. Mwanafunzi wa chuo mwenye muda mchache asiiache orodha hii. Mtembeza watalii hana haraka nayo.

Je, Kiingereza cha juu ni kutumia maneno makubwa?

Hapana, na dhana hii imewapotezea wengi miaka yao. Chanzo cha maneno makubwa ni historia. Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu watawala na mahakama wakatumia Kifaransa huku raia wakiendelea na lugha yao, na Kilatini kikabakia lugha ya kanisa na elimu. Kiingereza kikaishia na maneno mawili au matatu kwa jambo moja: «begin» na «commence», «buy» na «purchase», «ask» na «inquire». Kwa kawaida lile la nyumbani ndilo la mazungumzo, na lile lililotoka ng'ambo ndilo la sheria, mikataba na matangazo.

Msemaji wa Kiswahili anaijua hali hii kuliko anavyodhani. Sisi tunasema mbuzi amekufa na mtu amefariki. Tangazo la msiba lenye neno "amekufa" lingewaudhi wafiwa, na anayesema kuku wake "amefariki" hushangaza watu. Kiingereza nacho kina «die» na «pass away», na marehemu hutajwa kwa «the late» kabla ya jina lake. Ujuzi wa juu ni kujua lipi linakaa wapi. Anayemwambia mgeni «I purchased some mangoes» hakukosea sarufi, lakini amevaa joho kwenda sokoni. «I bought some mangoes» ndiyo kauli ya mtu anayeijua lugha.

Katika barua za kazi shida huwa kinyume chake: watu hutafsiri kanuni za barua zetu. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ina nafasi yake katika Kiswahili cha ofisini, lakini «The above heading is concerned» haimwelezi kitu msomaji wa Kiingereza. Ingia moja kwa moja: «I am writing to apply for the post of receptionist», au «I am writing about the invoice you sent on 3 March». Ukianza na «Dear Sir or Madam» malizia na «Yours faithfully». Ukianza na jina la mtu malizia na «Yours sincerely». Hiyo ni desturi ya Uingereza, na ndiyo inayofuatwa katika ofisi nyingi za hapa. Neno «kindly» litumie mara moja katika barua, likizidi huonekana kama shinikizo.

Neno lenyewe nalijua, lakini nikiliunga na jingine naambiwa «hatusemi hivyo». Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba umejifunza neno bila ya wenzake. Tazama kitenzi chetu "piga". Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, kura, hodi na magoti, na hakuna Mswahili anayejiuliza nani anampiga nani. Kiingereza kwa mambo hayo kina «make a call», «take a photo», «cast a vote», «knock at the door» na «kneel», na pasi na mswaki vina vitenzi vyao, «iron» na «brush». Anayetafsiri "piga" kwa neno moja hafiki mbali, na ndivyo inavyomtokea mgeni anayejifunza Kiswahili akasema "fanya simu".

Kiingereza kina vitenzi vyake vya namna hii, hasa «make», «take», «do» na «have», na hakuna kanuni itakayokupa jibu kila mara. Ni «make a decision» lakini «do research». «Take a break» lakini «have lunch». «Make a mistake» lakini «do harm». Hata vivumishi vina wenziwe: mvua ikiwa kubwa ni «heavy rain», upepo ukiwa mkali ni «strong wind», na kahawa kali ni «strong coffee». Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alilisisitiza jambo hili katika miaka ya 1950, kwamba neno hujulikana kwa wale linaotembea nao.

Kwa hiyo katika daftari usiandike neno pweke. Badala ya «complaint», andika «make a complaint», «deal with a complaint» na «a complaint about the food». Utaandika maneno machache zaidi kwa wiki, na utayatumia yote. Kama ungelichagua ushauri mmoja tu katika majibu haya yote, ningependa uwe huu.

Ni kauli zipi za Kiswahili zinazoleta kutoelewana zikitafsiriwa moja kwa moja?

Ni nyingi, na nyingine zina uzito kazini. Ya kwanza ni "nakuja". Kwetu anayeinuka na kuondoka husema "nakuja" akimaanisha kwamba atarudi sasa hivi. Mgeni akiambiwa «I'm coming» na mtu anayempa mgongo hubaki ameduwaa. Sema «I'll be right back». Vilevile "umepotea" ni salamu ya mapenzi kwa rafiki wa siku nyingi, lakini «You are lost» humfanya mtu atazame ramani. Kauli yake ni «I haven't seen you in ages».

"Pole" haina mwenzake mmoja. Aliyejikwaa kwenye ngazi za boti ukimwambia «Sorry» anaweza kudhani wewe ndiye uliyemkwaza; muulize «Are you all right?» Mgonjwa huambiwa «I hope you feel better soon», mfiwa huambiwa «I'm so sorry for your loss», na aliyerudi kazini amechoka anaweza kuambiwa «You've had a long day». Kauli ya "pole na kazi" kama tunavyoijua sisi haina nafasi katika lugha ile, na si kosa lako kuikosa. "Karibu" pia hugawika: baada ya shukrani ni «You're welcome», mlangoni ni «Come in», kwenye sahani ya chakula ni «Would you like some?» au «Please join us», na kwa anayeaga ni «We hope to see you again».

"Azima" kwetu huenda pande zote mbili, lakini Kiingereza humtenganisha anayetoa na anayechukua: «Could you lend me your pen?» na «Could I borrow your pen?» ni sahihi, na «borrow me» si sahihi popote. Wauguzi nao wajue kwamba mguu ni «leg» kuanzia pajani na «foot» chini ya kifundo, mkono ni «arm» au «hand», na kidole ni «finger» au «toe». Katika cheti cha mgonjwa tofauti hiyo si ya mapambo.

Iliyo ngumu kuliko zote ni jibu la swali la kukanusha. Mtu akiuliza "Hujalipa?" na kweli hujalipa, Kiswahili hujibu "Ndiyo, sijalipa", kwa kuwa tunakubaliana na kauli ya muulizaji. Kiingereza hukubaliana na jambo lenyewe, kwa hiyo «Haven't you paid?» hujibiwa «No, I haven't». Ukisema «Yes» peke yake, mgeni ataelewa umelipa. Mpaka uzoee, usijibu kwa «Yes» au «No» tupu. Malizia kila mara kwa «I have» au «I haven't».

Saa na siku nizitajeje nisikosane na wageni?

Saa tatu asubuhi ni «nine o'clock», na hilo kila mtu analijua mpaka pale anapokuwa na haraka. Ukiwa unamwandikia mgeni muda wa kuchukuliwa na gari, andika kwa tarakimu na uongeze «in the morning» au «a.m.». Jambo linalosahauliwa ni usiku. Kwa hesabu yetu ya jadi siku huanza jua linapotua, na hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao kwa Mwingereza ni «Thursday night». Aliyeagiza ngoma au chakula cha jioni kwa «Friday night» anakusudia jioni baada ya sala ya Ijumaa.

Tarehe nazo zina hatari yake, kwa sababu 5/7 kwa Mwingereza ni tarehe 5 Julai na kwa Mmarekani ni tarehe 7 Mei. Andika jina la mwezi.

Mimi ni mtembeza watalii. Nianze na maneno gani?

Anza na yale yanayoeleza kile mgeni anachokishika mkononi. Karafuu wageni wengi wanaijua ikiwa kavu jikoni, na hawajui kwamba si tunda wala mbegu, ni tumba la ua lisilochanua. Kwa hiyo neno la kwanza ni «flower bud», na sentensi ya kwanza ni: «Cloves are unopened flower buds; they are picked by hand and spread on mats to dry in the sun.» Makonyo yaliyobaki ni «stems», ambayo hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na kitenzi chake ni «distil».

Sentensi hiyo ina kauli ya kutendwa mara mbili, «are picked» na «spread», na kauli hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi ya kueleza mazao na majengo. Ukishaimiliki, utaweza kueleza kwamba mdalasini ni gamba la ndani la mti, «the inner bark», kwamba kungumanga na basibasi, yaani «nutmeg» na «mace», hutoka katika tunda moja, kwamba pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, «a climbing vine», na kwamba ua la vanila hapa kwetu huchavushwa kwa mkono, «pollinated by hand». Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, maneno ya mwanzo ni «coral stone», «lime mortar», «carved door» na «brass studs».

Mgeni huuliza sana «Why?» kuliko «What?», kwa hiyo jizoeze pia viunganishi vya sababu: «because of», «that's why», «so that», «in order to». Mtembeza watalii mwenye majina ya miti hamsini na asiye na «that's why» hubaki akitaja majina tu.

Vitenzi kama «put off» na «call off» vinanichanganya. Nivishike vipi?

Kiswahili hubadilisha maana kwa kuunyambua mzizi: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza hufanya kazi kama hiyo kwa kijineno kinachowekwa baada ya kitenzi, na maana ya jumla mara nyingi haipatikani kwa kujumlisha sehemu zake. Kukariri orodha ya vitenzi vyote vya «put» kwa siku moja huleta mchafuko kichwani. Jifunze kila kimoja katika tukio lake.

Chukua siku ambayo kusi imechafuka na boti haiwezi kwenda Mnemba. «The trip has been put off until tomorrow» maana yake safari imeahirishwa, na mgeni atasubiri. «The trip has been called off» maana yake imefutwa, na mgeni atauliza kuhusu fedha zake. Aliyekosea hapa amezua ugomvi bila ya kukusudia. Vingine vinavyohitajika kila siku kazini ni «fill in» kwa fomu, «drop off» na «pick up» kwa usafiri, «run out of» kwa kitu kilichokwisha, «look into» kwa kulichunguza jambo, na «get back to you» kwa kuahidi jibu. Hiki cha mwisho ni ahadi. Ukikisema, rudi na jibu.

Nahau nazo je? Nizitumie kwa wingi ili nionekane najua?

Zielewe nyingi, zitumie chache. Nahau ikipotea neno moja huharibika yote, na nyingine zilizomo katika vitabu vya zamani, kama ile ya mvua ya paka na mbwa, leo husikika kwa nadra sana. Zaidi ya hayo, wageni wengi wanaokuja Zanzibar wametoka Italia, Ufaransa, Ujerumani na Polandi, na Kiingereza kwao pia ni lugha ya kujifunza. Ukiwarushia nahau hawatakuelewa.

Zilizo salama katika ofisi ni kama «in the long run», «on the same page», «call it a day» na «bear with me». Watu wa visiwani watazipenda kwa haraka zile zilizotoka baharini, maana Waingereza nao ni watu wa vyombo. Sisi jambo likiharibika tunasema limekwenda mrama; wao mambo yakiwa mepesi husema ni «plain sailing», waliopatwa na shida moja wako «in the same boat», na anayeijua kazi na siri zake «knows the ropes», yaani anazijua kamba za jahazi zote na kila moja hufanya nini. Mtoto wa Mkokotoni au wa Wete hahitaji kuelezwa picha hiyo mara mbili.

Nimeambiwa nikisema Kiingereza nasikika kama ninaamrisha, na mimi nilikusudia adabu.

Adabu yetu imo ndani ya kitenzi na katika namna ya kuita watu: "naomba unisaidie", "niwie radhi", "mama", "ami", "bwana". Ukisema "unipe maji" kwa sauti ya upole inatosha, lakini «Give me water» ni amri hata ukitabasamu. Kiingereza huweka adabu yake katika umbali: kadiri ombi linavyozungushwa ndivyo linavyokuwa la heshima. «Could I have some water, please?» yatosha kwa jambo dogo. Jambo kubwa huanza na «I was wondering if you could…» au «Would you mind…?», na ajabu yake ni kwamba wakati uliopita hapo hauna habari ya wakati, ni heshima tu. Zingatia kwamba anayeulizwa «Would you mind waiting?» na akakubali hujibu «Not at all», si «Yes».

Habari mbaya hutanguliwa na «I'm afraid», ambayo haihusu woga. Na Mwingereza akisema wazo lako ni «interesting» na akanyamaza, usishangilie bado. Muulize anaonaje hasa.

Nikijifunza maneno leo, wiki ijayo yameshatoka. Nifanyeje?

Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huwa kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo marudio manne yaliyotawanywa katika mwezi yana faida kuliko marudio kumi ya jioni moja. Sebastian Leitner aliieneza mwaka 1972 njia ya vikadi na visanduku: neno ulilolikumbuka husogea kwenye sanduku linalofunguliwa kwa nadra, ulilolisahau hurudi mwanzo. Programu za simu kama Anki hufanya hesabu hiyo zenyewe, ila vipande vya karatasi ngumu na mpira wa kufungia noti hufanya kazi ileile bila ya umeme.

Upande mmoja wa kadi weka hali kwa Kiswahili, kama "mgeni analalamika maji ya moto hayatoki", na upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza. Jilazimishe kuitoa kabla ya kugeuza. Kusoma pande zote mbili kwa macho hukupa faraja na hakukupi kumbukumbu.

Maneno yenye nasaba na yetu hushika upesi, na ni mengi kuliko watu wanavyofikiri kwa sababu Kiarabu kimezilisha lugha zote mbili: kahawa na «coffee», sukari na «sugar», limau na «lemon», zafarani na «saffron», sharubati na «sherbet», na hata musimu na «monsoon». Wenye kazi za hospitali wafuate mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Anayejua kwamba «-itis» ni uvimbe wenye joto na maumivu, na «hyper-» na «hypo-» ni kuzidi na kupungua, ameshafungua maneno mengi kwa mara moja.

Matamshi yana uhusiano gani na msamiati?

Neno usiloweza kulitamka likaeleweka bado hujalipata. Sisi tuna neema moja: sauti zilizomo katika "dhahabu" na "thelathini" ndizo za «this» na «think», sauti ambazo Wafaransa na Wajerumani hutaabika nazo sana. Tabu yetu iko kwingine. Kwanza ni mkazo. Kiswahili huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika maneno yote, lakini Kiingereza huuhamisha hata ndani ya aila moja: mkazo wa «photograph» uko mwanzoni, wa «photography» uko katika silabi ya pili. «Hotel» na «report» hutamkwa vibaya kila siku kwa sababu hii. Mkazo wa zote mbili uko katika silabi ya pili. Unapoandika neno jipya, pigia mstari silabi yenye mkazo.

Pili ni irabu ndefu na fupi. «Ship» na «sheep», «live» na «leave» hutofautiana kwa irabu tu. Anayefanya kazi ufukweni alivute vizuri neno «beach», na anayetandika vitanda alivute neno «sheet», kwa kuwa yote mawili yakifupishwa hugeuka matusi.

Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Chochote, mradi usikichanganye ndani ya barua moja. Skuli zetu zimefuata cha Uingereza, basi kiendeleze, lakini ujue kwamba Mmarekani huita «elevator» kile unachokiita «lift», huomba «check» badala ya «bill», na «first floor» kwake ni ghorofa ya chini kabisa, ambayo Mwingereza huiita «ground floor». Hilo la mwisho limewapandisha wageni ngazi bure.

Kamusi gani inafaa?

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili hukupa maana kwa haraka, nawe unahitaji zaidi ya maana. Tumia ile ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilieleza maneno yote kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu, na ile ya COBUILD ya mwaka 1987 hueleza kila neno kwa sentensi kamili. Oxford, Cambridge na Longman zote zina kamusi za wanafunzi zinazosomwa bure katika intaneti, pamoja na sauti ya matamshi. Soma mifano kabla ya maana.

Programu za kutafsiri zinatosha?

Kwa kuelewa barua uliyoletewa zinasaidia sana. Kwa kuandika, andika kwanza Kiingereza chako mwenyewe, kisha ulinganishe. Ukianzia kwenye tafsiri, msamiati unabaki ndani ya simu.

Naishi Pemba, na wageni ni wachache. Nitazungumza na nani?

Na wenzako, na wewe mwenyewe. Watu watatu au wanne wanaokutana barazani baada ya Isha mara mbili kwa wiki, wakawekeana mada moja na maneno manane ya kutumia, wanasonga mbele kwa namna ambayo mtu mmoja mwenye kitabu hawezi. Chagueni mada zilizo karibu: bei ya karafuu msimu huu, maabara ya skuli, hifadhi ya Misali. Mwenye safari ya boti kati ya Mkoani na Malindi ya Unguja apakue mapema vipindi vya kujifunzia vya BBC, idara ambayo imekuwa ikifundisha Kiingereza tangu mwaka 1943, asikilize kipande kidogo, akisimamishe, akirudie kwa sauti ya chini. Kurudia kipande cha dakika mbili mara nyingi kuna manufaa kuliko kusikiliza saa nzima ukipitwa.

Nikizungumza Kiingereza watu husema najidai. Nifanye nini?

Kizungumze pale kinapohitajika, na Kiswahili chako kiwe safi pale kisipohitajika. Kinachowaudhi watu ni ule mchanganyiko wa maneno mawili ya Kiingereza katika kila sentensi, na wana hoja. Anayemwamkia mzee kwa "shikamoo" yenye adabu na kumhudumia mgeni kwa Kiingereza kilichonyooka hasemwi na mtu. Isitoshe, mwenye msamiati mpana wa lugha yake anapata pa kuyaweka maneno mapya, na Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, basi hatuna sababu ya kukipunguza.

Najiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Msamiati una alama ngapi?

Katika sehemu ya kuandika na ya kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, yaani robo ya alama za kila sehemu, na matokeo hutolewa kwa ngazi za hadi 9. Mtahini hutazama upana wa maneno, usahihi wake, iwapo yamekaa na wenzake wanaofaa, na uwezo wako wa kueleza jambo kwa njia nyingine pale neno linapokosekana. Hiki cha mwisho kifanyieni mazoezi wawili wawili: mmoja aeleze kitu, mathalani mbuzi ya kukunia nazi, bila ya kulitaja jina lake, mwingine akitambue. Insha zilizokaririwa ziacheni, kwa kuwa mtahini huzitambua na hazipewi thamani. Matokeo kwa kawaida hukubaliwa na vyuo kwa miaka miwili, kwa hiyo panga tarehe ya mtihani kwa kuangalia kwanza tarehe ya maombi ya chuo unachokitaka.